Kutoa maji kwenye mfumo wa mafuta wa lori la dizeli: hatua zake, na jinsi ya kuyasoma maji yanayotoka

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu swali la taa ya maji kwenye mafuta linajirudia mara kwa mara, na majibu yake huishia kwenye sentensi moja: fungua koki ya chini ya filta, mwaga, funga, endelea na safari. Ushauri huo ni sahihi, ila unaiacha nusu ya kazi. Maji yanayotoka yana kiasi chake, rangi yake na wakati wake wa kutokea, na mtu anayeyamwaga bila kuyaangalia hawezi kujua kama tatizo limekwisha au ndiyo kwanza linaanza.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, ilhali lita moja ya dizeli ina takribani gramu 820 hadi 850. Kwa tofauti hiyo maji huzama chini ya tangi na chini ya bakuli la filta ya kwanza, ile iliyotengenezwa makusudi kutenganisha maji na mafuta. Hata hivyo si maji yote huzama. Yapo yaliyotulia chini, yapo yaliyosambaa ndani ya mafuta kwa matone madogo mno hadi mafuta yakaonekana yana ukungu, na yapo yaliyoyeyuka kabisa, ambayo hayaonekani kwa jicho. Filta hukamata ya kwanza na sehemu ya yale ya pili. Yaliyoyeyuka hupita, lakini mafuta yakipoa hushindwa kuyabeba na kuyaachia. Injini ya dizeli hurudisha tangini mafuta mengi yaliyokwisha kupata joto, kwa hiyo tangi hushinda lina joto na usiku hupoa, na unyevu wa hewa iliyo juu ya mafuta hugeuka matone kwenye kuta zake. Ndiyo maana tangi linalolazwa nusu hukusanya maji kuliko linalolazwa likiwa limejaa.

Sasa tuangalie kiasi, maana hapa ndipo wengi hupitwa. Kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, kinaruhusu maji yasiyozidi miligramu 200 kwa kila kilo ya mafuta. Ukijaza tangi la lita 400, hata mafuta yakiwa kwenye ukomo wa kiwango hicho, maji yote yaliyomo hayafiki gramu 70, na sehemu yake yameyeyuka. Kwa hiyo ukifungua koki ukatoa nusu lita ya maji, usijiambie kwamba dizeli yoyote huwa na maji kidogo. Nusu lita haikutoka kwenye mafuta yanayofaa. Ilitoka kwenye tangi la hifadhi lenye maji chini, au iliingia kwenye lori lako kwa njia ambayo bado haijazibwa.

Madhara yake nitayapitia haraka. Dizeli ndiyo kilainishi cha pampu ya sindano, ile inayosukuma mafuta kwa nguvu, na cha nozeli zinazoyanyunyizia ndani ya injini, ilhali maji hayalainishi. Mifumo ya kisasa ya reli moja (common rail), ambayo bomba moja la mgandamizo hulisha nozeli zote, hufanya kazi kwa mgandamizo wa baa 1,600 hadi 2,500, na nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana ndani yake ni mikroni (sehemu za elfu za milimita) chache tu, kwa hiyo kutu ndogo hutosha kukwamisha nozeli. Tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke ghafla na linaweza kuivunja. Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika huvumilia zaidi, lakini nazo zina kikomo.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kugusa koki. Lori liegeshwe mahali tambarare, breki ya maegesho ivutwe, injini izimwe na iachwe ipoe. Wakati unaofaa kuliko yote ni asubuhi kabla ya kuwasha, kwa kuwa maji yamepata usiku mzima wa kutulia. Ukimwaga dakika mbili baada ya kusimama, maji mengi bado yamo ndani ya mafuta yaliyovurugwa na mwendo. Utatoa kidogo na kudhani umemaliza. Pangusa eneo la koki, kwa sababu mchanga ulioganda pale huingia kwenye uzi wa koki na kuifanya ivuje. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu. Kinga mtungi wa kioo au wa plastiki inayoonyesha ndani. Ukikinga kwa ndoo nyeusi hutaona kitu.

Koki nyingi ni za plastiki na hufunguliwa kwa vidole, nusu duara au duara moja kuelekea kushoto. Plaizi ndiyo huzipasua. Acha yatoke hadi dizeli safi ianze kufuata, kisha funga mara moja, kwa sababu kuendelea kumwaga kunaingiza hewa. Kaza kwa mkono tu. Baada ya hapo piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi uihisi ngumu; kwenye lori lenye pampu ya umeme, washa swichi bila kuwasha injini, subiri sekunde kadhaa, zima, na urudie mara mbili tatu. Washa injini, iache ilie taratibu dakika chache, kisha ukague. Zingatia kwamba filta iliyo upande wa kuvuta, yaani kabla ya pampu inayovuta mafuta kutoka tangini, haitadondosha mafuta injini ikiwa inafanya kazi hata kama koki haijafunga vizuri. Itavuta hewa, na dalili yake ni mapovu madogo yanayopanda ndani ya bakuli.

Tukirudi kwenye mtungi wako, uweke mahali pasipotikisika kwa dakika kumi. Maji yakikaa chini ya dizeli utaona mstari kati yao, na ukiinamisha mtungi maji huviringika pamoja kama donge huku dizeli ikibaki juu. Kuna mtego mmoja unaowapata hata mafundi: mtungi ukiwa umejaa kitu kimoja kisicho na mstari, macho husema ni dizeli safi, kumbe yote ni maji yaliyochukua rangi kidogo ya mafuta. Dondosha tone moja la maji ndani yake. Likizama na kubaki mviringo chini, umekinga dizeli. Likipotea, ulichokinga ni maji, na bado hujafikia mafuta.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa maelezo, mkuu. Mimi nina swali dogo. Nimefungua koki mara kadhaa na hakuna kinachotoka, hata tone, ilhali taa inawaka. Niliambiwa nichokonoe kwa waya. Je, ni salama?

Mleta uzi

Waya uache, mkuu. Utakwaruza kiti cha koki na kuanzia siku hiyo itavuta hewa.

Sababu ya kawaida ni kwamba filta imefungwa pande zote, kwa hiyo hakuna hewa ya kuingia juu ili maji yashuke chini. Juu ya kichwa cha filta kuna skrubu ya kutolea hewa. Ilegeze kidogo na maji yatashuka yenyewe. Ukimaliza, funga koki ya chini kwanza, piga pampu ya mkono hadi mafuta yasiyo na mapovu yatokeze kwenye skrubu, ndipo uikaze. Kama haina skrubu hiyo, kupiga pampu ya mkono taratibu huku koki ikiwa wazi husaidia kwenye filta ambazo pampu hiyo husukuma mafuta kuelekea kwenye bakuli.

Ikiwa bado hakitoki kitu, koki imezibwa na tope. Hapo fungua bakuli lote, lisafishe kwa dizeli safi, badilisha filta na oringi zake, ile mipira ya duara ya kuzibia. Tope la kuziba koki halijakusanyika kwa siku moja, kwa hiyo tangi nalo likaguliwe.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Mimi ni fundi, na kuna malori ambayo tunamwaga maji injini ikiwa inalia taratibu, kwa sababu pampu huyasukuma nje haraka na hakuna haja ya kutoa hewa baadaye. Kuwaambia watu wote wazime injini ni kuwapotezea muda.

Mleta uzi

Hoja yako ina msingi, fundi, ila inategemea filta imekaa wapi. Filta ikiwa baada ya pampu ya kuvutia mafuta, ndani yake kuna msukumo, na ukifungua koki injini ikiwa inafanya kazi maji yatatoka kwa nguvu. Filta ikiwa kabla ya pampu hiyo, na filta nyingi za kutenganisha maji zimekaa hivyo, ndani yake kuna mvuto. Ukifungua koki, injini itavuta hewa kupitia hapo na kuzima, na huenda maji yaliyokuwa chini yakavutwa kwenda mbele. Anayesoma hapa hajui lori la msomaji mwenzake, kwa hiyo naona kuzima injini ndiyo kanuni inayomfaa kila mtu. Kitabu cha lori lako kikisema vinginevyo, fuata kitabu. Tena filta yenye msukumo huweza kurusha dizeli kwenye vyuma vyenye moto, na dakika tano unazookoa hazilingani na hatari hiyo.

Mchangiaji wa pili

Nimekubali kuhusu mvuto. Basi niongeze jambo ambalo halijasemwa. Baada ya kumwaga, wengine hushindwa kuwasha na huanza kulegeza nati za mabomba ya nozeli ili kutoa hewa, kama tulivyozoea kwenye pampu za zamani. Kwenye pampu ya kimakanika utaratibu ni huo: skrubu ya filta kwanza, kisha skrubu ya pampu ya sindano, na mwisho nati za nozeli moja baada ya nyingine huku mwenzako akipiga stata. Kwenye injini ya reli moja usiziguse nati hizo kabisa. Mgandamizo wake hupenyeza dizeli ndani ya ngozi kupitia tundu dogo lisilozidi alama ya sindano. Mtu huhisi kama amechomwa tu, kumbe mkono unahitaji upasuaji wa haraka. Atakayepatwa na hilo aende hospitali saa hiyo hiyo na aeleze wazi kwamba ni dizeli ya mgandamizo, asisubiri uvimbe.

Na stata isipigwe zaidi ya nusu dakika kwa mfululizo. Ipumzishwe dakika mbili ndipo urudie.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mbona madereva wengi humimina spiriti au petroli kidogo tangini na maji yanaisha bila kufungua chochote? Ninavyofahamu, spiriti huchanganyika na maji na yote huungua pamoja.

Mleta uzi

Ni kweli kwamba spiriti huchanganyika na maji, na hapo ndipo penye ubaya. Maji yaliyokuwa yametulia chini, ambayo filta ingeyakamata kwa urahisi, unayasambaza ndani ya mafuta ili yapite kwenye filta na kufika kwenye nozeli. Spiriti nayo hupunguza ulainishaji wa dizeli na huharibu baadhi ya mipira ya mfumo. Petroli haiondoi maji hata kidogo. Inachofanya ni kuyafanya mafuta kuwa mepesi na rahisi kulipuka.

Zipo dawa za dukani za aina mbili, na ni vyema kusoma maelezo kabla ya kumimina. Moja huyasambaza maji, nyingine huyakusanya yawe matone makubwa yazame na kumwagwa. Kwa lori lenye filta ya kutenganisha maji, ninayoweza kuitetea ni hiyo ya pili, na hata hiyo inafaa kwa unyevu mdogo tu. Maji mengi hutolewa kwa koki na kwa plagi ya chini ya tangi.

Mchangiaji wa nne

Lori letu lina matangi mawili. Tulimwaga kwenye filta tukapata maji mengi, tukabadilisha filta, na baada ya saa chache yakajaa tena. Maji yenyewe yana rangi ya kahawia na kuna uchafu mweusi unaoteleza kama kamasi. Tuanzie wapi?

Mleta uzi

Msiendelee kulitembeza, mkuu. Filta inayojaa tena ndani ya saa chache maana yake maji yamo tangini, na kila mnapomwaga mnapunguza tu kinachovutwa kutoka chini. Kwenye malori ya matangi mawili mara nyingi kuna bomba linaloyaunganisha kwa chini, na kuna mengine yenye swichi ya kuchagua tangi. Kwa vyovyote vile, yote mawili yamwagwe, kwa sababu mkisafisha moja maji ya lingine yatahamia huko.

Liacheni lori limesimama usiku kucha, likiwezekana limeinamia kidogo upande wa plagi. Asubuhi legezeni plagi ya chini ya tangi polepole bila kuitoa yote, na mkinge. Maji hutoka kwanza, kisha tope, kisha mafuta yenye ukungu, na mwisho mafuta yanayong'aa. Kama ukungu hauishi, tangi lote limwagwe.

Rangi ya kahawia kwa kawaida ni kutu ya tangi la chuma. Tangi la alumini halitoi rangi hiyo, lakini nalo huliwa na kuacha unga mweupe. Uchafu mweusi unaoteleza, kwa maelezo yako, ni bakteria na kuvu wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Wanahitaji maji ili waishi, kwa hiyo kubadilisha filta peke yake hakutawamaliza. Tangi lisafishwe kwa mkono au kwa vifaa vya kusafishia, itumike dawa ya kuua vimelea iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli kwa kipimo kilichoandikwa, na muwe na filta kadhaa za akiba, maana wakifa hukatika vipande vipande na kuziba filta kwa siku kadhaa.

Mkibadilisha filta, ya kwanza na ya pili zibadilishwe pamoja. Ile ya pili, yenye matundu madogo ya mikroni chache, msiijaze dizeli kwa kumimina kutoka kwenye dumu, kwa sababu uchafu wa dumu utaingia upande ambao tayari umekwisha kuchujwa. Ifungeni ikiwa tupu na mjaze kwa pampu ya mkono.

Kisha tafuteni njia ya kuingilia. Maji yakionekana mara baada ya kujaza mafuta, chanzo ni mahali mlipojaza. Hifadhini sampuli kwenye chupa iliyofungwa na yenye tarehe kabla ya kwenda kulalamika. Yakionekana baada ya mvua au baada ya kuosha lori kwa maji ya kasi, angalieni mpira wa kifuniko cha tangi, bomba la kupumulia, na skrubu zinazoshikilia geji juu ya tangi, maana hapo maji hutuama. Yakionekana kidogo kidogo kila asubuhi, ni ule unyevu wa hewa, na dawa yake ni kujaza tangi jioni. Wanaotumia mapipa nao wakumbuke kwamba pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua kwenye mfuniko wake, na usiku hewa ya ndani inapopoa na kusinyaa huyavuta maji hayo kupitia uzi wa kizibo, hata kikiwa kimekazwa. Pipa lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia ili mafuta yavifunike kwa ndani, na kabla ya kunyonya lisimamishwe litulie, na mrija usifike chini kabisa.

Mchangiaji wa tano

Naona madereva wengi wanamwaga maji ya matangi ya upepo wa breki kila siku bila kukosa, lakini filta ya dizeli haiguswi hadi taa iwake. Kwa uzoefu wako, imwagwe kila baada ya muda gani?

Mleta uzi

Bakuli linaloonyesha ndani liangaliwe kila siku mtu anapokagua oili na upepo. Ni kazi ya kuinama mara moja. Limwagwe maji yanapoonekana, bila kusubiri alama wala taa. Filta isiyo na bakuli la kuona ndani imwagwe kwa ratiba ya kitabu cha lori, na mahali penye unyevu mwingi au mafuta ya kutiliwa shaka, kila wiki au hata kila siku. Kinachotoka kisimwagwe ardhini wala mferejini. Kikusanywe kwenye chombo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, mkuu. Nimelegeza skrubu ya juu na maji yametoka, takribani glasi moja, na sasa inatoka dizeli. Nimejaribu na tone la maji, limezama. Lakini taa bado inawaka.

Mleta uzi

Vyema, umeshavuka sehemu ngumu. Zima swichi, subiri kidogo, washa tena, kwa sababu baadhi ya kompyuta za injini hazifuti taa hadi swichi izimwe. Ikibaki, tazama sensa iliyo chini ya bakuli. Ina ncha mbili, na hufanya kazi kwa kuwa maji hupitisha umeme ilhali dizeli karibu haipitishi. Tope likishikamana kati ya ncha hizo, sensa itaendelea kudai kuna maji. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa laini, kagua plagi ya waya zake kama ina kutu au unyevu, kisha irudishe ikiwa na oringi nzima.

Kabla ya hayo yote nijibu jambo moja: je, taa iliwaka mara baada ya kujaza mafuta, na siku hiyo ulijaza pia AdBlue, kile kioevu cha kusafisha moshi wa injini chenye tangi lake? Kioevu hicho kina urea asilimia 32.5 na kilichobaki ni maji, ni kizito kuliko dizeli na hupitisha umeme, kwa hiyo kikimiminwa kwenye tangi la dizeli kwa bahati mbaya sensa hukiona kama maji. Mimina kijiko kimoja cha ulichokinga, ile sehemu ya chini, kwenye kipande cha bati na ukiache kikauke. Kikiacha chembe nyeupe kama chumvi, usiwashe hata swichi, kwa sababu pampu ya umeme itaanza kukisambaza na chembe hizo huharibu pampu na nozeli. Hapo lori livutwe hadi gereji, tangi na mabomba yaoshwe yote, na filta zibadilishwe kabla ya injini kuwashwa.

Mchangiaji wa kwanza

Hapana, AdBlue haikuguswa. Lori lenyewe halina tangi hilo. Nimeifungua sensa, ncha zake zilikuwa zimezungukwa na utando wa kahawia. Nimeipangusa na kuirudisha, taa imezima. Kesho asubuhi nitafungua koki tena kabla ya kuwasha na nitaleta hapa kiasi kitakachotoka.